Mlima Utemao Magadi

Msafiri atokaye Mto wa Mbu na kuelekea kaskazini kwa njia ya Engare Sero, jua likiwa la utosini na vumbi la Bonde la Ufa likimfuata nyuma, huona mbele yake mlima uliochongoka kama pia iliyopinduliwa, na kileleni mwake weupe unaometameta. Mara ya kwanza hudhani kuwa ni theluji. Hilo si kosa la kuchekwa, kwa kuwa Kilimanjaro nayo iko katika kaskazini hiyo hiyo ya Tanzania. Lakini mlima huu, Ol Doinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, una kimo cha mita 2,960 hivi tu, na karibu na Ikweta kimo hicho hakitoshi kuhifadhi theluji. Weupe ule ni magadi. Ni ndugu wa yale magadi ambayo mpishi hutia katika chungu cha makande au kunde ili zilainike upesi.

Magadi yenyewe si kitu kigeni katika sehemu hizo. Chini ya mlima, upande wa kaskazini, limetandaa Ziwa Natron, ambalo maji yake yamejaa magadi, na ambalo heroe hulichagua kuwa mahali pa kutagia kwa kuwa wanyama wawindao hawathubutu kuvuka tope lake linalochoma. Maji ya mvua na ya chemchemi za moto huiosha sodiamu kutoka katika miamba ya volkano na kuiteremsha ziwani. Jua hukausha maji, magadi yakabaki. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulieleza jambo hilo bila shida. Lakini ziwa liko bondeni na kilele kiko zaidi ya mita 2,000 juu yake. Maji hayapandi mlima. Je, magadi ya kileleni yalifikaje huko?

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba yaliachwa na mvuke na maji ya moto yapenyayo katika nyufa za mlima, kama ilivyo katika volkano nyingine nyingi ambazo hupakwa chumvi za rangi mbalimbali. Jibu lenyewe, lilipopatikana, liliwashangaza hata wale walioanza kulishuku: mlima huyatema magadi hayo yakiwa lava, yaani mwamba ulioyeyuka, meusi kama lami na yakitiririka kama mafuta.

Ajualo mchoma chokaa

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu kusadikika, hapana budi kwanza kushuka pwani. Kwa karne nyingi wajenzi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamepata chokaa kwa kuchoma matumbawe. Hupanga magogo, juu yake wakarundika mawe ya matumbawe, kisha wakawasha moto mkali. Mchoma chokaa ajua vema kwamba jiwe lile haliyeyuki likatiririka kama nta. Hupasuka, hupungua uzito, na mwisho hubaki kitu cheupe chepesi ambacho kikimwagiwa maji hututumka na kutoa joto.

Kwa lugha ya kemia, matumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Ikipata joto la nyuzi za sentigredi 800 hadi 900 hivi, kabonati hiyo huvunjika: hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, hutoka na kwenda zake, na oksidi ya kalsiamu hubaki. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kipande kidogo cha jiwe la chokaa na moto wa kutosha. (Asitumie chaki ya ubaoni, kwa maana chaki nyingi za siku hizi ni jasi, wala si chokaa.)

Kwa sababu hiyo wanajiolojia wengi waliamini kwamba miamba ya kabonati haiwezi kuzaliwa kwa moto. Huzaliwa majini, kutokana na kombe na mifupa ya viumbe wa baharini, au kwa chumvi kuganda maziwani. Basi mwaka 1921, W. C. Brøgger wa Norway alipoandika kwamba mahali paitwapo Fen, katika nchi yake, alikuta miamba ya kabonati iliyopanda kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka, naye akaipa jina la kabonatiti, hakukosa wapinzani. Miongoni mwao alikuwamo N. L. Bowen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya miamba katika karne ile. Hoja yake ilikuwa kwamba miamba ya Fen ilikuwa ya aina nyingine hapo awali, kisha vimiminika vya moto vikapita ndani yake na kuweka kabonati mahali pa madini ya kwanza. Hoja hiyo haikuwa ya mzaha. Aliyedai kwamba kabonati iliwahi kutiririka alipaswa kueleza ni kwa nini haikuvunjika kama jiwe la mchoma chokaa, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona ikitiririka.

Mabishano hayo yaliihusu Afrika ya Mashariki kuliko ilivyofikiriwa huko Ulaya, kwa maana miamba ya namna ile imetawanyika huku na huku kandokando ya Bonde la Ufa. Kilima cha Panda karibu na Mbeya ni kabonatiti, na ndani yake mna madini ya niobiamu. Ngualla, katika Mkoa wa Songwe, ni kabonatiti yenye madini adimu. Mrima, katika Kwale nchini Kenya, ni vivyo hivyo. Mwamba wa Tororo nchini Uganda, ambao umetumiwa kutengeneza saruji, nao ni wa ukoo huo huo. Mtafuta madini ambaye hajui kama mwamba ulitoka chini kwa moto au uliwekwa juu kwa maji hajui achimbe wapi.

Mwaka 1960

Katika mwaka huo mambo mawili yalitokea, moja maabarani na jingine juu ya mlima.

Maabarani, P. J. Wyllie na O. F. Tuttle walionyesha kwamba kabonati ya kalsiamu, ikifungiwa pamoja na maji chini ya kani kubwa, haivunjiki bali huyeyuka, tena katika joto lisilofikia nyuzi 700. Siri ilikuwa katika kani. Hewa ya ukaa isipopata njia ya kutoka, jiwe haliwezi kuvunjika. Mchoma chokaa huchoma mawe yake mahali pa wazi. Ardhi huyachoma ndani ya chungu kilichofunikwa.

Na juu ya Ol Doinyo Lengai, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, J. B. Dawson, alikuta ndani ya kasoko ya mlima lava nyeusi ambayo mtu asiyejua angeidhania tope. Ilipochunguzwa maabarani, ilionekana kuwa karibu yote ni kabonati za sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1962 katika jarida la Nature. Kile ambacho kilikuwa kikibishaniwa kwa karibu miaka 40 sasa kilikuwa kimeonekana kwa macho, kikitiririka, kwenye mlima ambao Wamaasai walikuwa wakiuheshimu tangu zamani.

Msomaji asidhani kuwa ni tofauti ndogo. Lava ya kawaida, kama ile ya Nyiragongo au ya Hawaii, ina silika nyingi, mara nyingi kati ya sehemu 40 na 50 katika kila 100. Lava ya magadi ya Ol Doinyo Lengai kwa kawaida haina silika hata sehemu moja katika 100. Oksidi ya sodiamu peke yake ni karibu theluthi moja ya uzito wake, na hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya kabonati hukaribia theluthi nyingine. Madini mawili yanayoijenga yalikuwa hayajulikani kabla ya hapo. Moja limepewa jina la nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jingine ni gregoryiti, kwa kumkumbuka J. W. Gregory, mtaalamu aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Pengine ni wakuu wachache wa nchi waliopata ukumbusho wa namna hiyo, na ni ukumbusho wa ajabu, kwa sababu ambayo itaonekana hapa chini.

Moto usioyeyusha sufuria

Mwezi Juni 1988, Maurice Krafft na Jörg Keller waliingiza vipimajoto katika mito na madimbwi ya lava ndani ya kasoko. Mito ilikuwa na joto la nyuzi 491 hadi 519. Dimbwi lililokuwa na moto kuliko yote lilifikia nyuzi 544. Lava ya kawaida ya basalti huwa na nyuzi 1,100 au zaidi. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660. Kwa hiyo sufuria ya jikoni, ikitumbukizwa katika lava iliyopimwa siku zile, isingeyeyuka. Mtu, bila shaka, angeungua vibaya sana, na hakuna sababu ya kumwonea wivu ateleziaye humo.

Kwa kuwa joto lake ni dogo, lava hii haing'ari. Mchana huonekana nyeusi au ya kahawia. Usiku tu ndipo wekundu hafifu huonekana. Jinsi inavyotiririka nako kunashangaza. Katika lava ya silika, chembe za silikoni na oksijeni hushikana katika minyororo na nyavu, ndiyo maana huvutana kama uji mzito au ugali. Chembe za kabonati hazijengi minyororo ya namna hiyo. Kila moja hujiendea. Kwa hiyo lava ya magadi hutiririka kwa wepesi kuliko hata basalti iliyo nyepesi kuliko zote, hurukaruka kwenye mteremko, na hutapika matone ambayo huganda yakajenga vinara vyembamba kama vichuguu vya mchwa.

Lakini kabonati ya sodiamu ikiwa safi huyeyuka katika nyuzi 851. Inawezekanaje basi lava hii kuwa majimaji katika nyuzi 500? Fundi wa mabati analo jibu mfukoni mwake. Bati huyeyuka katika nyuzi 232 na risasi katika nyuzi 327. Lakini fundi akizichanganya kwa kiasi kinachofaa hupata lehemu iyeyukayo katika nyuzi 183, yaani chini ya zote mbili. Vivyo hivyo kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, zikichanganyika, kila moja huizuia mwenzake isigande mapema. Kiasi kidogo cha klorini na florini kilichomo huzidi kulishusha joto hilo. Na kwa kuwa joto ni dogo kiasi hicho, kabonati haivunjiki hata ikiwa wazi hewani.

Ushahidi unaofutika

Lava ikishaganda huwa nyeusi, ngumu na yenye kung'aa kidogo. Haidumu hivyo. Nyerereiti na gregoryiti haziwezi kustahimili unyevu. Hunyonya maji kutoka hewani, na ndani ya siku chache, au saa chache mvua ikinyesha, mwamba hugeuka kuwa wa kijivu, kisha mweupe, ukawa laini na kumomonyoka kama unga. Madini ya kwanza yamekwisha kutoweka, na mahali pake pameshikwa na magadi ya kawaida pamoja na kabonati nyingine zenye maji ndani yake. Ndiyo sababu ukumbusho wa Mwalimu ni wa ajabu: madini yenye jina lake, katika mlima ambao ndiyo makao yake maarufu, hayamalizi hata msimu mmoja wa mvua. Watafiti wanaotaka kuyapeleka maabarani hulazimika kuyafungia mara moja katika vyombo visivyopitisha unyevu.

Mtu aliyefika kileleni wiki kadhaa baada ya lava kutoka angekuta unga mweupe tu, naye angekuwa na haki ya kusema kwamba hayo ni magadi yaliyoachwa na mvuke. Na mvua ikizidi, sodiamu huoshwa yote ikabaki kalsiamu, kwa kuwa chumvi za sodiamu huyeyuka majini kwa urahisi na kabonati ya kalsiamu haiyeyuki hivyo. Mwisho wake ni jiwe ambalo lafanana na chokaa.

Hapa ndipo lilipo fumbo ambalo halijafumbuliwa mpaka leo. Kabonatiti zinazojulikana duniani ni mamia, na karibu zote ni za kalsiamu au za magnesiamu. Volkano hai itoayo lava ya magadi ni moja tu. Je, Ol Doinyo Lengai ni kioja kisicho na mwenzake, ama zile nyingine nazo zilikuwa na magadi, nayo yakaoshwa na mvua za maelfu ya miaka?

Wanaoshika jibu la pili wana ushahidi wa kuheshimika. Katika majivu ya kale ya Kerimasi, mlima uliozimika ambao ni jirani wa Lengai, na katika vilima vya chini ya Tinderet, magharibi ya Kenya, zimepatikana fuwele za kabonati ya kalsiamu zenye umbo ambalo si lake. Umbo hilo ni la nyerereiti. Ni kana kwamba mtu amekuta tofali la saruji ndani ya kalibu ya mkate: kilichomo ni saruji, lakini kalibu yasema kwamba hapo kwanza palikuwa na mkate. Aidha, kuzunguka kabonatiti nyingi za zamani, miamba ya pembeni imejaa sodiamu na potasiamu ambazo kwa asili hazikuwa zake. Miamba hiyo iliyobadilishwa huitwa feniti, kwa jina la mahali pale pale pa Norway ambapo Brøgger alianzisha ugomvi. Lazima sodiamu hiyo ilitoka mahali fulani, na mtuhumiwa wa kwanza ni kabonatiti iliyo katikati.

Wanaopinga nao hujibu kwamba kabonatiti nyingi ziliganda chini sana ya ardhi, mahali ambapo mvua haikuzigusa, na kwamba fuwele zake za kalsiamu zaonekana wazi kuwa zilikua zenyewe katika magma, si mabaki ya kitu kingine. Hoja hii nayo ni nzito. Yaelekea kila upande una sehemu ya haki: baadhi ya kabonatiti zilipoteza magadi yake, nyingine hazikuwa na magadi mengi hata mara moja. Kazi iliyobaki ni kuzitenga hizi na zile, na si kazi ndogo.

Yatoka wapi?

Wako waliowahi kupendekeza kwamba Lengai hunywa magadi ya Ziwa Natron, au ya maziwa ya kale yaliyofukiwa chini yake, kisha huyatema. Ni wazo la kuvutia, kwa kuwa ziwa liko pale pale. Lakini vipimo havikulikubali. Isotopu za kaboni na oksijeni katika lava iliyokusanywa ikiwa mbichi, kabla haijaguswa na unyevu, zinafanana na zile za kina kirefu cha dunia, wala si za maziwa. Mwaka 2009 Tobias Fischer na wenzake walitangaza uchunguzi wa gesi walizozikusanya katika kasoko mwaka 2005: hewa ya ukaa ya Lengai ina asili katika mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, na kwa tabia yake haitofautiani na ile itokayo chini ya bahari kuu, mahali ambapo sakafu ya bahari hupasuka na kuzaliwa upya. Kwa maneno mengine, mlima haukuhitaji ghala la pekee la kaboni. Ulihitaji njia ya kuikusanya.

Njia inayokubaliwa na wengi ni hii. Mantili ikiyeyuka kwa kiasi kidogo sana, hutokea magma yenye silika haba, sodiamu nyingi na hewa ya ukaa nyingi. Magma hiyo ikipanda na kupoa, hufika mahali ambapo silika na kabonati haziwezi tena kukaa pamoja. Mchuzi wa nyama ukiachwa upoe, mafuta hujitenga na maji. Vivyo hivyo magma hujitenga ikawa vimiminika viwili, na kile cha kabonati, kwa kuwa ni chepesi, hutangulia juu. Hakuna shaka kwamba magma ya silika imo humo ndani, kwa maana sehemu kubwa kabisa ya mlima wenyewe imejengwa kwa miamba ya silika. Lava ya magadi ni ngozi tu ya juu.

Ndugu hao wawili wakikutana tena, hawapatani. Tangu mwaka 1983 lava ya magadi ilikuwa ikijaza kasoko polepole, hata mwaka 1998 ikaanza kufurika na kuteremka ubavuni. Kisha, Julai 2007, matetemeko mengi yakatikisa eneo la Gelai, kaskazini-mashariki ya mlima; lile la tarehe 17 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilihisiwa hadi Nairobi. Tarehe 4 Septemba mlima ulilipuka, na milipuko ikaendelea mpaka mwaka 2008. Wafugaji waliokuwa karibu walihama pamoja na mifugo yao, majivu yakafunika malisho. Wataalamu wanaeleza kwamba magma ya silika, yenye joto kubwa zaidi, ilipanda na kuigusa lava ya magadi iliyokuwa juu. Ndipo kabonati ikafanya kile kile ambacho matumbawe hufanya katika tanuri la pwani: ilivunjika, na hewa ya ukaa ikatoka yote kwa mara moja. Milipuko ya namna hiyo ilitokea pia mwaka 1917, 1940 na 1966, na kwa wakazi wa Engare Sero swali la lini itarudi lina uzito kuliko swali la asili ya fuwele za Tinderet. Yote mawili yanategemea kujua ni kiasi gani cha magma ya silika kimelala chini ya mlima, na kiko umbali gani kutoka juu.

Mlipuko ulipokoma, mahali palipokuwa na kasoko iliyojaa hadi ukingoni pakabaki shimo lenye kina cha mita 100 hivi. Haukupita muda mrefu kabla lava nyeusi haijaonekana tena sakafuni mwake, ikitiririka leo na kuwa nyeupe kesho, ikianza upya kazi ya kulijaza.